Barua kwa Shangazi: Mungu kasema nenda, hajasema wapi

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua zimekuja kwa namna ambayo imenigusa. Watu hawajuani, huyu yuko Dodoma yule Tanga, lakini ni kama walikaa kikao kimoja wakakubaliana swali. Wote wanauliza, ntajuaje kama ni Mungu ndo ananiongoza au ni mawazo yangu tu? Nimechukua nne. Majina nimeyaficha kama mlivyoomba, na zile ndefu nimezipunguza kidogo, mnisamehe.

Bajaji niliyoifungia siku saba

"Shikamoo Shangazi. Mimi nina miaka 31 nipo Dodoma, nina mke na watoto wawili. Nilikua naendesha bajaji ya mtu kwa hesabu ya kila siku, nikasema hapana nijichange ninunue yangu. Nikapata moja used kwa milioni 4.5, tukafunga na mke wangu siku saba, siku ya saba nikaskia amani kubwa sana moyoni nikajua hii ni ya Mungu, nikalipa. Wiki ya tatu injini imekufa. Fundi kafungua anasema ilishafunguliwa huko nyuma na kufungwa na vifaa vibovu, na jamaa aliyeniuzia simu haipatikani. Mke wangu hataki tena kusali na mimi. Je Mungu alinidanganya? Ile amani ilitoka wapi?"

Marahaba mwanangu, na pole sana, milioni 4.5 kwa mtu wa hesabu ya kila siku najua ni miaka mingapi ya kujinyima. Kabla ya yote nenda polisi ukafungue jalada kama hujafungua, na jina lililoko kwenye kadi ulilinganishe na la huyo aliyekuuzia, maana wengine wanauza kitu ambacho hata sio chao.

Sasa swali lako. Nimesoma barua yako mara tatu natafuta mahali ulipoandika kwamba ulienda na fundi wako akasikiliza injini, akaangalia moshi, akaangalia oili inavuja wapi. Sikupaona. Umeniandikia siku saba za kufunga, hujaandika hata nusu saa ya gereji. Kwenye kitabu cha Yoshua sura ya 9 kuna Wagibeoni, walikuja kwa Waisraeli na mikate iliyokauka yenye ukungu na viatu vilivyochakaa wakasema tumetoka nchi ya mbali, kumbe ni majirani wa hapo hapo. Waisraeli wakaiangalia ile mikate wakaridhika, wakafanya agano, hawakumuuliza Bwana. Wao waliangalia hawakuuliza. Wewe mwanangu uliuliza hukuangalia. Nehemia akijenga ukuta wa Yerusalemu na maadui wamemzunguka, sura ya 4 inasema waliomba kwa Mungu wao na wakaweka walinzi mchana na usiku, yote mawili kwenye sentensi moja. Ile amani uliyoipata siwezi kukwambia haikua ya Mungu, inawezekana kabisa alikutuliza kwasababu ulikua na hofu ya kuacha hesabu ya bosi na kusimama mwenyewe, na hilo la kusimama mwenyewe mimi naona bado ni sawa. Lakini amani haifungui injini, hiyo kazi Mungu kampa fundi na fundi yupo mtaani kwenu.

La mke wako ndo limenikaa zaidi. Ntakwambia kitu changu. Mwaka 1986 nimemaliza chuo cha ualimu niliomba kwa machozi nipangiwe Moshi karibu na mama yangu ambaye alikua anaumwa, nikapangiwa Mpanda. Nikapanda treni nimenuna kutoka Dar mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Mpanda. Mwaka wa pili ikaja simu ya maandishi, imeletwa shuleni na mtu wa baiskeli, maneno manne tu: MAMA AMEFARIKI NJOO HARAKA. Treni yenyewe haikua ya kila siku. Nafika nyumbani mama ameshazikwa kihambani, yaani shamba letu la ukoo, udongo juu umeshakauka, na watu wameshaanza kurudi makwao. Nilikaa miezi sijasali. Sio kiburi, maneno hayakuwepo tu, nikipiga magoti naangalia sakafu ya udongo naona nyufa zake nainuka.

Kule Mpanda wamama walikua wananiletea barua za waume zao walio mbali niwasomee alafu niwaandikie majibu, jioni chini ya mwembe wa shule, na hapo ndo nilijifunza kazi hii ninayoifanya sa hivi kwenye ukurasa huu. Kuna watu wananiambia unaona Shangazi, Mungu alikua na mpango. Nawaambia mpango alikua nao ndio, ninauona na nashukuru, ila siwezi kusema alimuondoa mama bila mimi ili nijue kuandika barua, hesabu hiyo sijawahi kuipiga na sitaipiga. Musa alipoomba kuona utukufu wa Mungu aliwekwa kwenye ufa wa mwamba akaonyeshwa mgongo tu, uso hakuuona. Mimi na mgongo nimeuona kipande.

Kwahiyo mwache mke wako. Usimburuze kwenye maombi na usimwambie imani yake ni ndogo. Mwambie ulikosea wapi, hilo la fundi, umwambie kwa mdomo wako umuombe radhi, maana hela ilikua ya wote wawili. Mimi aliyenirudisha ni mwalimu mwenzangu aliyekua anakaa chumba cha pili, kila usiku alikua anasali kwa sauti kidogo tu ya kutosha mimi kusikia ukutani, na hajawahi kunigongea.

Nimefungua Biblia macho nimefumba

"Shangazi shikamoo, naandikia kutoka Morogoro. Nina miaka 26, mtoto mmoja wa miaka 4, nakaa na mama. Ni fundi cherehani, nashonea barazani. Kuna dada ananitafutia kazi ya ndani Oman, anasema mshahara mzuri na tiketi wanalipa wao, ila niamue kabla mwezi haujaisha maana nafasi zinajaa. Nimemuomba nakala ya mkataba anasema nitaukuta kule kule. Nimesali sana. Nikafumba macho nikafungua Biblia kidole kikaangukia Mwanzo 12, toka wewe katika nchi yako. Nikaruka kwa furaha. Nikarudia tena nihakikishe, kikaangukia majina matupu kwenye Mambo ya Nyakati, nikabaki sielewi. Nikamwambia Mungu basi kama ni nenda kesho inyeshe mvua, ikanyesha, lakini ni mwezi wa 4 hapa Moro inanyesha kila siku. Kuna mtumishi mmoja nimeenda kwake akasema anaiona ndege ila mlango umefungwa na watu wa ukoo, nitoe sadaka ya kufungua mlango laki mbili. Sina. Ninayo elfu 60 ambayo ni advansi ya mteja. Shangazi niende nisiende? Halafu kuna mwalimu mkuu kaja kuulizia sare 40 za watoto nikamwambia asubiri maana akili yangu haipo hapa."

Marahaba binti yangu. Umenigusa hapo kwenye mvua, umejiuliza mwenyewe na ukajijibu mwenyewe, akili unayo, isikilize.

Nianze na laki mbili ili tuimalize. Usitoe. Na ile elfu 60 ya mteja usiiguse kabisa, hiyo ni kitambaa cha mtu. Kwenye Matendo ya Mitume sura ya 8 kuna Simoni wa Samaria alileta hela kwa mitume apewe nguvu za Mungu, Petro akamjibu kwa ukali, fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Petro alikataa kupokea. Ukiona mtu anaitaja ndege yako na kiasi cha pesa kwenye sentensi moja, chukua kanga yako uondoke, na kama amekuambia mama yako au shangazi zako ndo wamefunga mlango usilibebe neno hilo kulipeleka nyumbani, nimeona familia zimekatika vipande kwa maneno kama hayo na hazijaunganika tena.

Sasa ngoja nikupeleke mahali kwenye Biblia ambapo hutapafikia kwa kufumba macho. 1 Samweli sura ya 30. Daudi na watu wake 600 wanarudi Siklagi wanakuta mji umechomwa moto, wake zao na watoto wamechukuliwa na Waamaleki. Wakalia mpaka nguvu za kulia zikaisha, na watu wakaanza kusema Daudi apigwe mawe. Daudi akamuuliza Bwana, je niwafuate? Jibu likaja wazi kuliko jibu lolote ambalo mimi na wewe tutalipata: fuata, utawapata, utavirudisha vyote.

Ila angalia vizuri binti yangu. Kaambiwa fuata, hajaambiwa wapi. Nyika yote ile kusini, hamna barabara, hamna mtu wa kuuliza, wanaume 200 wamechoka mpaka wamebaki kwenye kijito cha Besori hawawezi hata kuvuka. Hao wengine wanaendelea na neno la Mungu mkononi, ila njia hawaijui. Alafu huko porini wanamkuta kijana wa Kimisri amelala chini. Mtumwa. Kaugua, bwana wake kamtupa, siku tatu mchana na usiku hajala hajanywa. Watu wenye haraka kuliko wote duniani, watoto wao wanazidi kwenda mbali kila dakika, wangempita. Wakasimama. Wakampa mkate, wakampa maji, wakampa kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu kavu, yaani mwandishi kahesabu mpaka vishada. Roho ikamrudia. Ndo Daudi akamuuliza wewe ni wa nani, akasema mimi ni mtumwa wa Mwamaleki. Yule yule kijana ndo aliyewashusha mpaka kambini kwa adui, na walirudi na wake zao na watoto wote.

Hakuna mahali sura hiyo inasema Mungu alimuweka yule kijana pale. Haijaandikwa. Wao waliona mtu ana njaa wakampa chakula. Mimi nimeisoma sura hii kwa miaka mingi na kila nikifika hapo nasimama, kwasababu uongozi wa Mungu ulikua umelala kwenye mchanga hauna nguvu ya kuongea, na haukuwa na dalili yoyote kwamba ndo wenyewe.

Sasa rudi kwenye barua yako. Mstari wa mwisho kabisa, umeuandika kama kitu ambacho hakina maana, mwalimu mkuu kaja kuulizia sare 40 na wewe umemwambia asubiri. Siapi kwamba huyo mwalimu katumwa na Mungu, sina mamlaka hayo. Ninachojua ni kwamba ni kazi halali, imekuja yenyewe mpaka barazani kwako, unaiweza, na umeipita unatazama mbele. Nenda kesho asubuhi shuleni kabla ya mstarini, na futi yako ya kupimia shingoni, mwambie mwalimu samahani nilichelewa kujibu. Kubaliana naye advansi ya vitambaa kwa maandishi, na kama sare 40 peke yako huwezi mtafute mwenzio wa kushona naye. Fanya hivyo hata kama baadae utaenda Oman.

Kuhusu Oman yenyewe, sikukatazi kwasababu ni Oman. Kuna Watanzania wengi wameishi kule wakasomesha watoto, na Kiswahili kinaongewa kule na familia nyingi tangu zamani za biashara ya pwani. Ninachokataa ni huo mkataba wa kuukuta kule kule. Huyo dada anakutaka uamue haraka na karatasi hataki kukuonyesha. Mshahara ni riali ngapi, mapumziko ni siku gani, paspoti atakaa nayo nani, ukiumwa inakuaje, mwajiri anaitwa nani na anaishi mji gani. Kama hana majibu ya maandishi wewe huna safari. Huku Bara kuna TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, fika kwao uulize kama huyo mtu anajulikana. Na pale Muscat upo ubalozi wetu, namba yake uwe nayo kichwani sio kwenye simu, maana simu inaweza kuchukuliwa. Kisha tafuta hapo hapo Morogoro wanawake wawili waliorudi, mmoja aliyefurahi na mmoja aliyeumia, kaa nao kila mmoja kwa wakati wake, uwasikilize mpaka mwisho.

Utaniambia Shangazi lakini mlango umefunguka, tiketi wanalipa. Yona alipokua anamkimbia Mungu alishuka Yafa akakuta merikebu inaenda Tarshishi, ipo tayari, na nauli anayo. Kila kitu kilijipa. Na alikua anaenda kule kule asikotakiwa. Upande wa pili Paulo na wenzake, Matendo 16, walitaka kwenda kuhubiri Asia wakakatazwa, wakajaribu Bithinia wakazuiliwa, wakashuka mpaka Troa pwani wamekaa hawana pa kwenda, na ndo usiku huo Paulo akaona maono ya mtu wa Makedonia anaita. Kwahiyo mlango kufunguka peke yake haukwambii kitu na kufungwa peke yake haukwambii kitu, unaangalia na mambo mengine, huyu mtu ni mkweli, nikienda nani ninamuacha na nani, ninaondoka kwa hofu au ninaondoka kwa akili. Mtoto wa miaka 4 kwenye barua yako yote umemtaja mara moja. Keti na mama yako mmuongelee huyo kabla hamjaongelea ndege.

Wewe umeniuliza moja kwa moja na mimi nikujibu moja kwa moja. Kwa mkataba huu, kama ulivyonieleza, usiende. Ukija mwingine wenye karatasi zake niandikie tena tuuangalie pamoja, na uniambie sare zilikuaje.

Istikhara bila ndoto

"Assalam aleikum Shangazi. Najua wewe ni Mkristo lakini nyumbani Tanga tunakusoma wote. Imekuja posa, kijana anaonekana mzuri. Nimeswali istikhara, ile sala ya kumuomba Mungu akuchagulie, usiku saba nasubiri ndoto sijaota kitu, dada yangu anasema labda ni jibu la hapana. Mama anataka jibu Ijumaa. Nifanyeje?"

Waaleikum salaam mwanangu, na ahsante kwa kuniamini. Hili sikutaka kulijibu kwa kichwa changu, nimevuka ua nikamuuliza jirani yangu ambaye ni ustadhi anafundisha madrasa hapa mtaani, tumekaa barazani kwake karibu saa nzima, na akanisomea ile hadithi ya Mtume iliyosimuliwa na sahaba wake Jabir, iliyoko kwenye kitabu cha Bukhari. Akasema mama, sikiliza, humu pana rakaa mbili zisizo za faradhi na dua, ndoto haimo. Watu wanalala wanasubiri kuona kijani au nyeupe au mtu anamwaga maji, hicho ni kitu watu wamekiongeza.

Dua yenyewe akanieleza maana yake polepole na mimi nikaandika: ukiwa unajua jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa mambo yangu basi nikadirie na uniwepesishie, na ukiwa unajua ni shari kwangu basi liondoe kwangu na uniondoe mimi kwalo, na unikadirie kheri popote ilipo kisha uniridhishe nayo. Nimelala na maneno hayo. Hamna sehemu inasema nionyeshe. Inasema niwepesishie, niondolee, niridhishe. Mtu anaiomba alafu anaendelea na mambo yake akimuamini Mola kwamba ataliendesha au atalivunja, na yeye mwenyewe ndo atakua ndani ya hilo jambo akitembea.

Na ustadhi akaongeza kwamba istikhara inatembea na kushauriana, Muumba unamuomba na watu wanaojua unawauliza. Kwahiyo mpaka Ijumaa mna kazi. Mjomba wako au kaka aende anakofanyia kazi huyo kijana, aulize majirani anavyokaa na mama yake, kama aliwahi kuoa aulize iliishaje, na deni lake na watu likoje. Na wewe utafute nafasi ya kuongea naye mbele ya wakubwa umuulize mambo ya kweli, mtaishi wapi, utafanya kazi au hapana, watoto wasome wapi. Kama hiyo wiki haitoshi mwambie mama kwa adabu kwamba unaomba wiki nyingine. Mwanaume mwenye nia atasubiri siku saba. Dada yako mwambie kutoota sio hapana, ni usingizi tu.

Nilioteshwa koti jeupe

"Mama mwenzangu habari za huko. Mimi ni mjane nipo Mwanza, Mungu kanisaidia kijana wangu kamaliza kidato cha nne. Tangu akiwa na miaka 6 nilioteshwa kavaa koti jeupe la daktari na nimekua nikimwambia kila mwaka. Sasa kapangiwa HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, Kemia kapata D. Yeye eti anafurahi, anasema anataka kuja kuwa mwalimu. Nahangaika nimbadilishie kwenda PCB, ile ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, hata shule ya kulipia, niuze kiwanja. Najua Mungu hawezi kusema uongo."

Nzuri mama mwenzangu, na hongera, kumfikisha mtoto hapo peke yako sio jambo dogo.

Mungu hasemi uongo, hilo tupo pamoja. Lakini kumbuka Eli na Samweli. Eli ni mzee, ni kuhani, ana miaka na miaka hekaluni, na mtoto Samweli bado hajui hata sauti ya Mungu ikoje. Usiku ule sauti ikaja kwa mtoto. Mara tatu mtoto anakimbia kwa mzee, umeniita, maana aliisikia kama sauti ya mtu tu wa nyumbani. Eli angeweza kusema lala, Mungu akitaka kusema kitu atasema na mimi. Hakusema hivyo. Macho yake yameshaingia giza lakini hilo aliliona, akamwambia mtoto nenda ukalale, akikuita tena sema nena Bwana kwa kuwa mtumishi wako anasikia. Akamfundisha kusikiliza alafu yeye akabaki kitandani kwake. Nawaza sana kuhusu Eli amelala pale gizani anajua Mungu anaongea chumba cha pili na haongei na yeye.

Ndoto yako siichezei mama. Ulikua umefiwa, una mtoto mdogo, na ukaonyeshwa mtoto huyo ni mzima, mkubwa, ana kazi, anaheshimika. Inawezekana koti ndo lilikua lenyewe, na inawezekana ulipewa nguvu ya kumlea kwa miaka kumi ile. Ila D ya Kemia ni jibu pia, kwenye PCB atazama, na furaha yake nayo ni jibu, umeiandika mwenyewe kwa mkono wako ukaweka "eti" mbele yake. Kiwanja usiuze. Hicho ndo mgongo wako ukizeeka.

Na kitu kingine, barua yako ina ndoto yako, mipango yako na kiwanja chako, lakini hamna hata neno moja la kwake zaidi ya hilo la ualimu. Leo jioni mkiwa mnachambua mchele muulize anataka kufundisha nini, na ni mwalimu gani aliyemfanya atake, alafu umsikilize mpaka amalize bila kumtajia koti.